Kompaila ya Mwalimu Eufrasia

Banda la kuchezea isolo, bao la Kisukuma, lililo nyuma ya stendi ya Runzewe lilikuwa na sheria moja tu, kwamba asiyecheza asimfundishe anayecheza, mpaka siku Mwalimu Eufrasia alipomfunga Mzee Mwigulu mara saba mfululizo. Baada ya siku hiyo sheria zikaanza kuzaana.

Wiki ya kwanza wazee walipitisha kwamba mchezaji wa banda lazima awe amewahi kuchunga ng'ombe. Eufrasia akasafiri kwao, akarudi na barua ya kaka yake yenye majina ya ng'ombe kumi na wanne aliowachunga akiwa msichana, pamoja na tabia ya kila mmoja. Wiki ya pili wakapitisha kwamba mchezaji awe na ndevu, ila kuna mjumbe ambaye hakuwahi kuota hata unywele mmoja kidevuni, akasononeka mpaka sheria ikafutwa. Wiki ya tatu Mwigulu mwenyewe, fundi baiskeli, mwenyekiti wa banda na bingwa wake kwa miaka kumi na tisa, alisimama akasoma maneno yaliyoandikwa kwenye kipande cha katoni:

"Watu wa hesabu hawaruhusiwi kucheza isolo ndani ya banda hili, wala mita hamsini kulizunguka."

"Hizo mita hamsini mmezipimia wapi?" Eufrasia aliuliza.

Mwigulu akawageukia wenzake kwa masikitiko. "Mnaona? Ndiyo mambo yenyewe haya."

Eufrasia alikuwa na miaka sitini na moja. Alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka thelathini na minne, akastaafu, akajenga nyumba ya vyumba vitatu upande wa barabara ya Nyakanazi, na katika maisha yake yote hakuna kitu kilichompa raha kama ubao wa isolo: mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, watu wawili wakitazamana, kila mmoja akisambaza kete zake shimo kwa shimo na kuvizia za mwenzake azile. Sasa ubao alikuwa nao, kete alikuwa nazo, mtu ndiye hakuwepo. Alijaribu kucheza mkono wa kulia dhidi ya mkono wa kushoto, akaacha, maana kila mkono ulijua mwenzake anawaza nini, na wa kushoto ulianza kununa.

Ndipo ukatokea mnada. Mkandarasi mmoja aliyekuwa na kazi kule mgodini Bulyanhulu alifunga ofisi yake, na vitu vilivyobaki vikaletwa Runzewe kuuzwa kwa mafungu. Fungu alilopata Eufrasia lilikuwa na jozi mbili za mabuti, kofia tatu za mgodini, laptopu moja nzito kama tofali, na kitabu kisicho na jalada. Alichokuwa akikitaka ni kitabu. Kilikuwa cha Kiingereza, cha zamani, na kilifundisha watu kuandika programu za kompyuta kwa kujifurahisha tu, jioni, baada ya kazi. Alikisoma barazani siku nne mfululizo, akala michembe ya viazi bila kuangalia sahani, na siku ya nne akakifunga taratibu.

Kama mtu anaweza kuiandikia mashine maagizo, alifikiri, basi anaweza kuiandikia maagizo ya isolo. Atajitengenezea mpinzani. Mpinzani asiye na ndevu wala mwenyekiti.

Tatizo lilikuwa ukurasa wa tisa. Ukurasa huo ulisema kwamba kabla mwanafunzi hajaandika chochote lazima achague kompaila, na asikimbilie ya bei kubwa kwa sababu yeye si kampuni, achague ya bei nafuu inayomtosha. Ukaeleza na kompaila ni nini: ni kitu kinachosoma ulichoandika mstari kwa mstari, kinakataa penye makosa na kutaja mstari wenye kosa, kisha kinayageuza maandishi yako kuwa kazi inayotendeka. Chini yake palikuwa na picha za maboksi sita ya kompaila, kila boksi na bei yake kwa dola, na kuponi ya kukata na kutuma kwa posta.

Eufrasia hakuikata kuponi. Alivaa viatu vya kutokea, akaenda dukani kwa Ishwarlal.

Mzee Ishwarlal alikuwa amefariki zamani. Duka la vifaa lilikuwa la mwanawe Ankit, ila siku hiyo Ankit alikuwa Isaka akifuatilia kontena la pampu lililokwama bandari kavu, na kaunta alikuwa ameishika mama yake, Lataben.

"Shikamoo Mama Ankit."

"Marahaba Mwalimu, karibu."

"Natafuta kompaila. Iwe ya bei nafuu."

"Kompresa tunazo," Lataben akasema. "Ya dizeli au ya umeme?"

"Si kompresa. Kompaila."

"Ndiyo, kompaila. Ya dizeli au ya umeme?"

Eufrasia akafikiri. "Inasoma?"

"Inasoma presha vizuri sana. Ina saa yake hapa juu."

"Na penye makosa inakataa?"

"Ukizidisha presha inakataa yenyewe, inapiga filimbi," Lataben alisema, akaipapasa mashine ile kwa fahari. "Wachimbaji wote wanachukua hii."

Eufrasia aliikagua kwa dakika kumi nzima, akashukuru, akarudi nyumbani. Lakini Runzewe ni mji ambao mtu akiulizia kompresa saa nne, saa sita inajulikana kwamba ana duara la machimbo, na saa nane inajulikana kwamba duara lake limeshika dhahabu. Jioni ile wanaume watatu walikuja na sururu zao kuomba kazi ya kushuka shimoni. Aliwaonyesha ubao wa isolo, akawaambia mashimo yake ni haya tu. Waliondoka wakiamini kwamba anaficha.

Aliyefuata alikuwa Chacha, dalali aliyewahi kuuza kila kitu kilichopo kati ya Kahama na Nyakanazi, pamoja na vitu viwili ambavyo havikuwepo. Chacha hakuuliza kompaila ni nini. Dalali akiuliza, bei inashuka. Alisema tu, "Mwalimu, niachie siku tatu."

Siku ya kwanza alileta karasha la kusagia mawe, likivutwa na trekta.

"Chacha, kitabu kinasema inageuza maandishi."

"Hii inageuza mawe, Mwalimu. Inayogeuza mawe itashindwa karatasi?"

Akaliwasha palepale uani kabla hajazuiwa. Ukuta wa choo ukapata ufa, na kuku wa jirani wakagoma kutaga kwa wiki mbili. Siku ya pili alileta mashine ya fotokopi isiyo na mfuniko, iliyosoma ukurasa wa tisa na kuutoa vilevile ulivyo, bila kukataa kitu. Eufrasia alimweleza kwamba mashine inayokubali kila kitu haina msaada kwake. Siku ya tatu Chacha alikuja na bodaboda, na nyuma ya bodaboda aliketi mzee mrefu mwenye tai, faili kwapani na kalamu tatu mfukoni: ya bluu, nyeusi na nyekundu.

"Mwangaluka, Mwalimu," mzee alimsalimu Kisukuma akishuka.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

"Huyu ni Mzee Charles," Chacha akadakia. "Huyu ni kompaila. Alikuwa karani wa ofisi ya serikali miaka thelathini na moja, na kazi yake ilikuwa moja tu, kukompaili ripoti, kuzikusanya na kuzikagua. Mvua, pamba, vizazi, chanjo za mbwa. Zote amezikompaili yeye. Muulize."

Eufrasia alitaka kucheka, lakini mzee mwenyewe hakuwa anacheka. Kwa heshima ya mgeni alifungua ukurasa wa tisa, akamtafsiria. Charles alisikiliza amefumba macho, kama mtu anayesomewa barua kutoka nyumbani.

"Naomba urudie hapo pa kukataa."

"Inakataa penye makosa na kutaja mstari wenye kosa."

"Ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya," alisema polepole. "Walikuwa wananichukia kwa hilo."

"Lakini kitabu kinasema kompaila ni kitu, Mzee Charles. Si mtu."

"Hata ofisini walikuwa wanasema hivyo."

Eufrasia akamtazama vizuri. Alikuwa na miaka sitini na sita, aliyefiwa na mkewe miaka mitatu iliyopita, na kola yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka ikang'aa. Alimuuliza bei yake. Charles alijibu kwamba anaomba chakula cha mchana na saa za kazi.

"Mshahara?"

"Pensheni ninayo. Saa za kazi ndizo sina. Naomba saa moja na nusu mpaka saa tisa na nusu, Jumatatu mpaka Ijumaa."

Kati ya kompaila zote alizoziona, pamoja na zile sita za kitabuni, hakukuwa na ya bei nafuu kuliko hiyo. Chacha alilipwa ujira wake kwa mabuti na kofia za mgodini, akaondoka amevaa kofia zote tatu.

Kazi ikaanza Jumatatu. Lugha ya kitabu kile ilikuwa na maneno kumi na tisa tu ya kuamrisha, na Charles aliyakariri yote kabla ya chai. Eufrasia alikuwa akiandika programu kwenye daftari kubwa, barazani, akimaliza ukurasa anamkabidhi. Charles aliusoma kwa rula, mstari mmoja kwa mmoja, midomo ikichezacheza, na ukurasa wa kwanza alioupokea aliurudisha na wino mwekundu: IMEREJESHWA. MSTARI WA 3 HAUNA KITUO MWISHONI.

"Lakini umeelewa nilichotaka kusema."

"Nimeelewa."

"Basi endelea."

"Mwalimu, nikianza kuelewa watu walichotaka kusema, nitasimamia wapi?"

Eufrasia, aliyekuwa amewaambia wanafunzi wake maneno ya namna hiyo kwa miaka thelathini na minne, alichukua daftari akaweka kituo. Kwa wiki nzima akarejeshewa kurasa arobaini na moja. Aliota mistari. Alifokea sufuria. Hata hivyo kila asubuhi saa moja na nusu, geti lilipogongwa mara mbili, alikuwa tayari amechonga penseli.

Ukurasa ukipita, Charles alihamia mezani palipokuwa na ubao wa isolo, akautenda ulivyoandikwa. Hakuongeza wala hakupunguza. Daftari likimwambia atazame shimo la tisa kwenye safu ya mashimo manane, alisimama wima kando ya meza, mikono pembeni, akatangaza, "Hakuna shimo la tisa. Nimesimama," na kweli alisimama, hata nzi akimtua usoni, mpaka mstari ule ulipofutwa.

Wiki ya pili ilitokea siku ambayo Eufrasia hakuisahau. Alikuwa ameandika sehemu ya kusambaza kete, akaipitisha kwa Charles, ikapita bila kosa hata moja, akafurahi sana. Akamwacha anaitenda, akaenda zahanati kupimwa presha. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi jua lilikuwa limeshapita utosini, na kwenye baraza Charles alikuwa bado anazunguka meza. Anachota kete, anasambaza, anafika mwisho, anachota tena, anasambaza. Shati lilikuwa limemganda mgongoni na tai ilikuwa imehamia begani. Jirani mmoja alikuwa amesimama uzioni akimwombea.

"Mzee Charles! Unafanya nini?"

"Mstari wa ishirini na mbili... unasema nirudi kumi na tano. Wa kumi na tano... unanipeleka ishirini na mbili."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Kwa nini usiache?"

"Hukuandika... niache lini." Mkono wake ulikuwa unaendelea kusambaza kete. "Mwalimu, nakuomba, andika."

Eufrasia alinyakua penseli, akaongeza kwenye mstari wa ishirini na mbili namna ya kuacha, akauweka mbele ya macho yake. Charles aliusoma mpaka mwisho, akakagua kama una kituo, ndipo akaketi. Alikunywa maji lita mbili. Alipopata pumzi alisema kwamba maandishi yalikuwa safi, hayakuwa na kosa la kumfanya ayarejeshe, na kwamba kosa lilikuwa la fikra, jambo ambalo liko nje ya mamlaka ya kompaila.

Mwezi ukaisha, programu ikafika mistari mia mbili na kumi. Sasa Eufrasia alikuwa anakaa upande mmoja wa ubao, Charles upande wa pili na daftari lake, na wanacheza. Zamu ya Charles ilichukua dakika arobaini, kwa sababu ilimbidi ajaribu kila shimo kama daftari lilivyoagiza na kuandika hesabu zake pembeni. Eufrasia alikuwa anasuka kikapu akisubiri. Alishinda kila mchezo, akaona pale programu ilipokuwa na upungufu, akarekebisha, akashinda tena kwa taabu kidogo zaidi. Habari zikafika bandani kwamba Mwalimu amefuga kompaila inayovaa tai.

Ndipo Ankit aliporudi kutoka Isaka na kontena lake. Alisikia kisa cha mama yake na ile kompresa, akaja mwenyewe kuomba radhi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, aliyesomea kompyuta kabla ya baba yake kumrudisha dukani kuuza misumari.

"Shikamoo Mwalimu. Hizo bei za kitabuni ni za zamani sana. Siku hizi kompaila ni bure."

"Bure?"

"Bure kabisa. Nakuwekea kwenye laptopu yako sasa hivi, dakika tano."

"Nani anaitengeneza?"

"Watu tu, dunia nzima. Wanajitolea."

"Wanapewa chakula cha mchana?"

Ankit akaangalia chini. "Sidhani, Mwalimu."

Charles alikuwa amesikia yote kutoka mezani. Alifunika kalamu zake moja moja, akasimama, na kwa sauti ya kikazi akasema kwamba yeye hana kinyongo, ila huduma haiwezi kubadilishwa kienyeji; lazima itangazwe zabuni, washindani wapimwe kwa kazi moja, na kamati huru itoe uamuzi wa maandishi. Eufrasia aliona aibu kumkatalia. Ankit alikubali kwa sababu alikuwa na hamu ya kuona.

Kamati huru ndiyo iliyokuwa kazi kuipata. Mjini hapo, watu waliojua mchezo mzuri na mbaya na wasiompenda Eufrasia wala kompaila zake walikuwa ni wale wa bandani tu. Charles akawapelekea barua. Mwigulu aliisoma mara tatu, akaitisha kikao, na kikao kikaona kwamba sheria inakataza watu wa hesabu ila haisemi lolote kuhusu kompaila. Wakakubali. Uamuzi ulikuwa rahisi: kila kompaila itacheza na mwenyekiti mchezo mmoja, kwa programu ileile ya Mwalimu, na itakayofanya vizuri ndiyo itachukua kazi. Eufrasia mwenyewe alichorewa mstari mita hamsini kutoka bandani. Alipolalamika kwamba haoni ubao, wakampunguzia mpaka kumi.

Alichapa programu yote kwenye laptopu kwa kidole kimoja, siku mbili. Kompaila ya bure iliisoma kwa muda wa kupepesa jicho na haikukataa kitu, maana Charles alikuwa ameshakataa vyote.

Jumamosi saa nne asubuhi banda lilijaa. Laptopu ilianza. Mwigulu alicheza, Ankit akaiandikia mashine alichocheza Mwigulu, mashine ikajibu papo hapo, Ankit akaisogezea kete. Mwigulu alishtuka mwanzoni kwa ile kasi, kisha akaizoea, kisha akaanza kucheka. Aliona mapema kwamba mashine inapenda kula kilicho karibu na haioni mtego wa mbali. Akaitegea. Eufrasia, kwenye mstari wake wa mita kumi, alikuwa anaandika kila hatua kwenye daftari dogo. Nusu saa haikwisha, laptopu ilikuwa haina pa kuchota.

"Hii ndiyo akili ya Mwalimu?" Mwigulu aliuliza watu, akafuta machozi ya kicheko. "Basi ile mara saba alinifunga kwa bahati!"

Akaja Charles. Aliweka daftari, rula, kalamu. Mwigulu alifungua mchezo kama alivyofungua wa kwanza. Aliona hana sababu ya kubadili. Charles alijibu kama mashine ilivyojibu, isipokuwa kwa dakika arobaini kila zamu. Watu wakaenda kula wakarudi. Lori la mizigo ya Kigali lilipata pancha, likazibwa, likaondoka. Alasiri ilipofika, hatua ya kumi na moja, Mwigulu alitega mtego wake uleule, akajiegemeza nyuma akicheka kabla ya wakati.

Charles aliangalia daftari. Akaangalia ubao. Akaangalia jino la pembeni la Mwigulu lililokuwa linaonekana kwa kicheko. Akachota shimo ambalo hakuna aliyelitegemea, akasambaza, akala kete kumi na moja.

Kuanzia hapo Charles hakutumia tena dakika arobaini. Alitumia tatu, mbili, moja. Jua halijazama, Mwigulu alikuwa anatafuta kete upande wake kama mtu aliyeangusha funguo.

Kamati ilitoa uamuzi wa maandishi kama ilivyotakiwa: kompaila ya tai imeshinda, kompaila ya bure imeshindwa, na kwamba kitu cha bure walijua tangu mwanzo kitakuwa hivyo. Ankit alimpa Charles mkono. Watu wakamshangilia. Eufrasia peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anasoma daftari lake dogo, hatua ya kumi na moja ya asubuhi na hatua ya kumi na moja ya alasiri, ubao uleule, programu ileile.

Walitembea pamoja kuelekea barabara ya Nyakanazi, yeye mbele, Charles nyuma na faili lake.

"Mzee Charles. Mstari wa themanini na saba unasema nini?"

Charles akahamishia faili kwapa la pili.

"Nakuuliza mstari wa themanini na saba."

"Unasema nile kilicho karibu."

"Ulikula kilicho karibu?"

Charles alisimama katikati ya njia. "Miaka thelathini na moja," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "walikuja wakubwa kwa wadogo kuniomba nibadili takwimu moja tu. Gunia moja la pamba. Mbwa mmoja. Sikubadili. Leo nimebadili." Alitoa leso. "Alikuwa anakucheka, Mwalimu. Anacheka programu tuliyoifanyia kazi mwezi mzima. Nikauona ule mtego, nikaona na njia ya kuuruka, mkono ukaenda wenyewe."

Eufrasia alipandwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichomfanya ageuze uso aangalie mashamba ya mihogo.

"Ulianza lini kuona mitego?"

"Wiki ya tatu. Samahani. Nilijitahidi kutoona."

"Kompaila inayofikiri haifai kitu, Mzee Charles. Nitajuaje kosa ni langu au ni lako?"

"Hutajua. Ni kweli."

"Nakufukuza kazi."

"Kwa maandishi?"

"Kwa maandishi. Nitakuandikia Jumatatu."

Charles akainamisha kichwa. Alikuwa ametarajia hivyo. Pengine angemdharau kama asingefanya hivyo. Akaanza kukunja rula yake, ile ya mbao inayokunjwa mara tatu.

"Na Jumapili una shughuli gani?" Eufrasia aliuliza, bado anaangalia mihogo.

"Baada ya misa, sina."

"Njoo basi. Bila daftari."

Kuhusu mengine, laptopu ilibaki na kompaila ya bure, na Eufrasia anaendelea nayo mpaka leo, jioni jioni, akisifu kasi yake na kulalamika kwamba inakataa makosa bila adabu. Mstari wa themanini na saba ameshauandika upya mara sita. Wazee wa bandani walipitisha sheria kwamba kompaila za aina yoyote, za dizeli, za umeme au za tai, haziruhusiwi ndani ya mita mia, na kwa kuwa hakuna aliyejua mita mia ni wapi, Mwigulu alimtuma mtu kwa Mwalimu aje awapimie. Eufrasia alienda, akawapimia kwa kamba, bila kinyongo.

Jumapili ile Charles alikuja bila tai. Walicheza barazani, kete zikilia kwenye mbao, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alikuwa anaongea: juu ya marehemu mkewe, juu ya mbwa waliochanjwa, juu ya mvua za mwaka fulani ambazo yeye peke yake alikuwa bado anazikumbuka kwa milimita. Eufrasia alimfunga mchezo wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. Wa tano ulichelewa. Charles alikaa muda mrefu ameshika kidevu, akachota shimo la pembeni kabisa, akasambaza, na Eufrasia akaziona kete zake kumi na sita zikiondoka upande wake, zote, mbele ya macho yake.

Aliutazama ubao. Alihesabu, akahesabu tena.

"Rudisha," alisema. "Rudisha zote zilipokuwa, unionyeshe tena ulivyofanya. Taratibu."